Injini za Vali za Ubavuni na Tamaa ya Nguvu

Katika injini nyingi za magari zilizoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, vali hazikukaa juu ya silinda, bali kando yake, ndani ya bloki. Kichwa cha silinda kilikuwa kama kifuniko tu. Muundo huo ulikuwa rahisi kutengeneza, na vali iliyokwama haikuweza kugongwa na pistoni. Lakini mchanganyiko wa hewa na petroli ulisumbuka njiani: ulipanda kupitia vali, ukapinda, kisha ukashuka ndani ya silinda.

Mfano mashuhuri ni injini ya Ford ya silinda nane iliyotoka mwaka 1932. Ujazo wake ulikuwa lita 3.6, nguvu yake farasi 65, na uwiano wa mgandamizo 5.5 kwa 1. Vijana wa California walioshindana mbio katika ziwa kavu la Muroc hawakuridhika nayo, wakaanza kuibadili.

Njia iliyo wazi ni kuongeza mgandamizo. Uwiano ukipanda kutoka 5.5 hadi 7, ufanisi wa kinadharia wa mzunguko wa Otto huongezeka kwa karibu asilimia 9 ya ule wa awali. Mwanafunzi na apige hesabu. Kila silinda ina ujazo wa sentimeta za ujazo 453 hivi. Basi nafasi inayobaki pistoni ifikapo juu sharti ipungue kutoka 101 hadi 76. Robo nzima! Nayo hupunguzwa pale pale kichwani, katika njia ile ile nyembamba ipitishayo mchanganyiko. Kichwa kikipigwa randa kupita kiasi, vali zenyewe hugonga dari.

Wengine walichonga bloki baina ya vali na silinda ili kuipanua njia. Mchanganyiko ulipita vizuri zaidi, na mgandamizo ukashuka tena.

Mwingereza Harry Ricardo alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1919, hila ya busara zaidi. Nafasi ya mwako aliikusanya juu ya vali, na upande wa pili akaiacha pistoni ikikaribie mno kichwa. Mchanganyiko uliobanwa hapo hufyatuka kwa kasi kuelekea kwenye plagi, ukatibuka na kuwaka upesi, wala injini haigongi kwa urahisi.

Hata hivyo, ila moja ya Ford haikuondolewa na kichwa wala kabureta za ziada. Moshi wa moto ulipita ndani ya bloki, karibu na mifereji ya maji, na silinda mbili za kati za kila upande zilitolea moshi katika tundu moja. Kadiri nguvu ilivyoongezeka, ndivyo rejeta ilivyochemka.

Baada ya vita, mhandisi Zora Arkus-Duntov aliunda vichwa vilivyoitwa Ardun, vyenye vali juu ya silinda. Nguvu iliongezeka sana, lakini hiyo haikuwa tena injini ya vali za ubavuni. Huko Marekani, Ford yenyewe ilihamishia vali juu katika magari yake ya silinda nane ya mwaka 1954.