Mvuke wa Olkaria na Maji ya Naivasha

Watu wengi wapitao Olkaria, kusini ya Ziwa Naivasha, huona mvuke mweupe ukipaa angani, wakauliza: Je, moto huo ulio chini ya ardhi hautaharibu maji yetu ya kunywa? Swali hili ni la busara, na yafaa lijibiwe waziwazi.

Umeme wa mvuke ulianza kupatikana Olkaria mwaka 1981. Visima huchimbwa chini sana, vingine hufika mita 3,000, na humo mvuke hupanda pamoja na maji ya moto. Mvuke huzungusha mashine za umeme, maji hubaki. Maji hayo yamekaa miaka mingi kati ya mawe ya moto, nayo yameyeyusha madini kama floraidi na boroni. Boroni ikizidi hudhuru mimea. Floraidi ikizidi hutia meno rangi ya kahawia, na baada ya miaka mingi hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isiwe na floraidi zaidi ya miligramu 1.5, maji ya visima vya mvuke hukipita kiasi hicho kwa mbali.

Kwa hiyo maji hayo hayafai kumwagwa ovyo. Kinga yake ni ya namna tatu. Kwanza, kisima huvikwa mabomba ya chuma, na nafasi iliyo kati ya chuma na mwamba hujazwa saruji, ili maji mabaya yasipenye katika maji mazuri yaliyo juu. Pili, maji ya moto hurudishwa chini kabisa kwa visima vingine. Tena hivyo husaidia akiba ya mvuke isipungue upesi. Tatu, maji yanayongoja kurudishwa huwekwa katika mabwawa yaliyotandikwa turubai zito lisilopitisha maji.

Lakini bomba huweza kutoboka, na turubai kupasuka. Basi mfugaji asinyweshe mifugo yake katika mabwawa hayo, hata kiangazi kikiwa kikali, wala asikate ua uliowekwa. Aonaye maji yakivuja asiyaguse, maana huunguza. Na apeleke habari upesi kwa chifu au kwa afisa wa mazingira.

Umeme twauhitaji, na maji twayahitaji zaidi. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.