Picha Moja, Bei Tatu

Tuseme Jumapili moja kwenye gulio la El Rastro, Madrid, umeokota picha ya rangi ya mafuta: mtaa wa Sevilla, Ekaristi inapitishwa, mishumaa, wanawake waliojitanda mantila nyeusi. Muuzaji amekuapia ni ya karne ya 19, enzi ya ulimbwende. Kabla hujamlipa mthamini, jiulize unataka bei ya kazi gani.

Bei ya bima huwa juu kabisa, maana ni gharama ya kupata picha nyingine kama hiyo dukani. Bei ya mnada iko chini yake, nayo ina nyuso mbili. Nyundo ikigonga kwenye euro 4,000, na ada ya mnunuzi ikiwa robo, yeye analipa 5,000. Wewe ukikatwa asilimia 10, unaondoka na 3,600, usafiri na kodi bado.

Makadirio ya bure yapo. Christie's na Sotheby's hupokea picha kwa intaneti, ila wanatafuta mali ya kuuza, na jibu lao halitoshi kwa bima. Mthamini wa kujitegemea anayeandika ripoti hutoza kwa saa au kwa kipande. Anayedai asilimia ya thamani mkimbie: kadiri anavyoipandisha bei ndivyo anavyojilipa. Na duka linalothamini bure kisha likataka kununua papo hapo? Huko ni kumkabidhi fisi bucha.

Pesa kubwa iko kwenye jina. Manuel Cabral Aguado Bejarano alichora maandamano ya namna hii Sevilla mwaka 1857, na kazi hiyo iko kwenye makumbusho ya Prado. Goya naye alichora maandamano, lakini Eugenio Lucas Velázquez (1817–1870) alimfuata kwa karibu mno hata kazi zao zimewahi kuchanganywa. Kwa hiyo kibandiko cha “Goya” kikupe mashaka kabla ya furaha. Katika orodha za mnada, “inahusishwa na” ni ngazi moja chini ya jina lenyewe, na “mfuasi wa” ni chini zaidi. Kila ngazi inakula bei.

Anza na vipimo rahisi. Tochi ya miale ya urujuanimno ni ya bei ndogo: vanishi ya zamani hung'aa kijani, viraka vipya huonekana vyeusi. Geuza turubai usome mihuri na vibandiko. Maabara iache hadi mthamini aseme picha inastahili gharama hiyo. Wakikuta nyeupe ya titani, rangi ya baadaye, kwenye tabaka la awali, si kwenye viraka, karne ya 19 imeisha hapo. Picha yenyewe usiisafishe. Sabuni na pamba za nyumbani zimefuta saini nyingi.

Kama mnunuzi wako yuko nje, kumbuka sheria ya Hispania ya 1985: kazi ya sanaa iliyozidi miaka 100 haitoki bila kibali. Ikinyimwa, wanabaki wanunuzi wa ndani tu, na bei hushuka.