Masikio ya Waokozi wa Angani

Tangu shirika la uokoaji wa angani la Rega lilipoasisiwa huko Uswisi mwaka 1952, waokozi wake wamekuwa wakiwanusuru majeruhi wa milimani. Lakini helikopta hiyo hiyo iwaokoayo wagonjwa huweza, kidogo kidogo, kuwadhulumu watumishi wake usikivu. Kwani mngurumo wa injini na mapanga, ukichanganyika na redio ambayo sharti isikike juu ya yote hayo, aghalabu hupita desibeli 90, na mwendesha winchi, asimamaye kwenye mlango ulio wazi, hupata adha iliyo kubwa zaidi.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikizidi 3 muda huo hupungua kwa nusu, hata zikifika 100 ruhusa ni dakika 15 tu. Seli za ndani ya sikio zenye vinyweleo, zipokeazo mtetemo wa sauti, zikifa hazioti tena.

Kwa hiyo tahadhari ni faradhi: vizibo vya masikio chini ya kofia ngumu, mapumziko mbali na kelele, na kupimwa usikivu kila mwaka, maadamu dhara hili haliumi wala halitoi damu, na mwenyewe hulitambua likiwa limekwisha kukita mizizi.