Kiini Chenye Makabuti Mia Moja

Mwezi wa saba mwaka jana, baridi ikiwa kali hapa Machakos, kitindamimba wetu alishikwa na nimonia. Alikuwa akipumua mbiombio, mbavu zikibonyea ndani. Aliporudi kutoka hospitalini mama alitoa kitabu chake cha kliniki akakiweka mezani. "Si alidungwa zote? Wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Sasa chanjo ni ya kazi gani?" Sikuwa na jibu, ikabidi nilitafute.

Kweli nimonia huletwa na viini vingi, hata virusi. Lakini bakteria anayeogopwa zaidi kwa watoto ni nyumokokasi. Hukaa puani mwa watoto wengi kimya tu, asiwadhuru, mpaka siku anaposhuka mapafuni au kuingia damuni. Ujanja wake ni kabuti alilovaa: utando mnene wa sukari, unaoteleza. Seli nyeupe za damu zikija kummeza hazipati pa kumshika, ni kama kushika sabuni bafuni! Zinazoweza kumshika ni kingamwili, lakini lazima ziwe zimelijua kabuti lile.

Hapo ndipo penye kazi. Jeni za bakteria huyu ndizo huamua sukari gani iunganishwe na ipi, na jeni hizo hutofautiana. Wataalamu wamehesabu makabuti kama 100. Mfikirie askari wa getini aliyefundishwa sare za shule kumi tu. Atakayekuja na sare ya kumi na moja atapita huku akipigiwa saluti.

Tena sare hubadilishwa. Mwaka wa 1928 huko London, Frederick Griffith aliwadunga panya bakteria walio hai wasio na kabuti, pamoja na wenye kabuti waliouawa kwa moto. Panya walikufa, na damuni mwao akakuta bakteria hai wenye kabuti. Walio hai walikuwa wamerithi jeni za maiti! Mpaka leo nyumokokasi hupeana jeni hivyo hivyo.

Kenya ilianza chanjo hii mwaka wa 2011, ikiwa ya makabuti 10 yaliyokuwa yakiua zaidi. Watafiti wa Kilifi walipochunguza watoto wa chini ya miaka mitano, ugonjwa mkali wa aina hizo 10 ulikuwa umepungua kwa asilimia 92. Puani, hata hivyo, aina zisizo kwenye chanjo ziliongezeka, maana nafasi ilibaki wazi.

Nilimweleza mama haya yote akichambua ndengu, mgonjwa wetu akizimwaga upande wa pili.

"Basi si waongeze sare?"

Nikamwambia wameongeza, ziko chanjo za aina 13 na hata 20.

Akafikiri kidogo. "Na hizo themanini?"