Kukauka si Kuganda

Mwanafunzi mmoja wa Kitui alinionyesha meza aliyoichonga kwa mukau, mti mvumilivu wa ukame unaopandwa Kitui na Makueni. Ufa wa ubao aliujaza epoksi, utomvu wa viwandani uangavu kama kioo. Kisha akaianika meza juani. Ole wake! Utomvu ulifuka moshi, ukageuka manjano, ukapasuka.

Maagizo aliyasoma, ila yalikuwa ya Kiingereza, naye alidhani yanamwambia akaushe. Waama, kukauka ni kupoteza maji. Epoksi haipotezi kitu, bali huganda utomvu unapoungana na kigumishi chake. Muungano huo huzaa joto, na kina kikizidi, joto hukosa pa kutokea. Ndiyo maana epoksi ya kumiminwa kwa kina huundwa igande polepole, pengine kwa siku kadhaa. Ya kawaida humiminwa tabaka kwa tabaka. Jua humwongezea mgonjwa homa.

Walimu wenzangu, maziwa huganda na nguo hukauka: tofauti hiyo kila mtoto anaijua. Mbona basi tunamfundisha ufundi kwa lugha inayomficha anachokijua? Ubao ulioharibika ulikuwa karo yake.