Bibi Titi kabla ya kuwa jina la barabara

Juma lililopita nilikuwa nimesimama Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, nikingoja gari. Nikamuuliza kijana mmoja muuza maji barabara ile inaitwaje. "Bibi Titi," akajibu papo hapo. Na huyo Bibi Titi alikuwa nani? Akakuna kichwa. "Si mke wa Nyerere?" Nilicheka, kisha nikaona haya, maana kosa lile si lake peke yake.

Bibi Titi Mohamed alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000, hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 74. Alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa, watu wa mji walimjua kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulitazame leo, kwa sababu wengi hudhani ngoma ile ilikuwa mapambo tu ya maisha yake. La hasha. Ngoma ndiyo iliyokuwa shule yake ya siasa.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Titi na mumewe, Boi Selemani, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kujiunga. Kadi ya mume nambari 15, ya mke nambari 16. Lakini chama kilikuwa na kikwazo. Waraka wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, na wasomi wengi wa wakati ule walikuwa ndio hao hao makarani na walimu. Mtu akionekana mkutanoni, kazi imekwenda. Sasa muuza vitumbua wa Kariakoo nani angemfukuza kazi?

Mwaka 1955 akaja mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Ndipo Titi alipokabidhiwa kazi hiyo. Hakuanza na hotuba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, akawaomba wawalete wanachama wao. Na vikundi vile, msikilizaji, vilikuwa na kila kitu ambacho chama cha siasa hukitafuta kwa miaka mingi: viongozi wanaotiiwa, michango inayokusanywa kwa ajili ya harusi na misiba, sare za khanga, na habari inayofika nyumba hadi nyumba kabla ya jua kutua. Isitoshe, ndani ya kikundi kimoja walikaa Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mnyamwezi, wote wakisema Kiswahili. Kufikia Oktoba mwaka ule ule, wanawake wanachama walitajwa kuwa wamefika 5,000. Wanaume waliokuwa wakijificha waliona haya kubaki nyuma ya wake zao.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 akaingia serikalini akiwa waziri mdogo, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake, UWT. Mwaka 1965 akashindwa katika uchaguzi wa ubunge huko Rufiji.

Kisha likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967. Miiko ya uongozi iliwakataza viongozi kupangisha nyumba, na Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubali, akajiuzulu Kamati Kuu. Yawezekana sana alikosea. Mimi binafsi namwelewa. Kwa mwanamke wa mjini wa rika lake, asiye na elimu kubwa wala pensheni, nyumba ndiyo uzee wake.

Oktoba 1969 alikamatwa. Kesi ya uhaini ikasikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, naye akiwa mwanamke pekee kati ya washtakiwa, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Rais Nyerere alimsamehe, akarudi mjini. Lakini jina lake halikurudi naye. Kwa miaka karibu 20 hakutajwa kwenye shamrashamra za uhuru alioupigania, hadi maadhimisho ya miaka 30, mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilipomwita shujaa.

Kijana wa maji nilimsimulia haya kwa kifupi, naye akasikiliza huku ndoo ikiwa begani. Sikutarajia swali alilouliza. Hakuuliza habari za kesi wala za Azimio. "Mzee, hizo nyimbo zake zinapatikana wapi?"

Gari langu likawa limefika.