Bomba Lenye Tumbo

Ukiteremka kutoka Msikiti wa Taifa ulio juu ya kilima cha Old Kampala, pale Kapteni Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, ukashika njia ya kuelekea soko la Kisekka, utazisikia nyundo kabla hujawaona wenye nyundo. Kwani upande ule riziki ya watu ni vyuma vya magari na pikipiki, na mpita njia asiyeulizwa anatafuta spea gani na ajihesabu kuwa amestahiwa kupita kiasi. Nyundo iliyonisimamisha mimi ilikuwa nyepesi mno, haikulingana na kazi za bodaboda. Nilipochungulia nilimkuta fundi mmoja wa makamo, ambaye majirani humwita Hajji na basi, amepakata bomba la moshi lenye umbo la shani: jembamba mdomoni, likinenepa kidogo kidogo hata kuwa na tumbo pana, kisha likifinyaa ghafula na kuishia katika mkia usiozidi unene wa kidole gumba, mithili ya chatu aliyemeza mbuzi.

Lilikuwa la pikipiki ya CC 65, ya mtoto ashindanaye katika uwanja wa motokrosi wa Garuga, upande wa Entebbe, na jiwe lilikuwa limelibonyeza ubavuni. Hajji, aliyejifunza ufundi pamoja na Kiswahili chake katika magaraji ya Mombasa, alinieleza pasipo haraka kwamba watu wengi hudhani bomba ni njia ya kupitisha uchafu tu, ilhali katika injini ya mipigo miwili, ambayo haina valvu za kufungua na kufunga kama zile za Boxer, pikipiki ya bodaboda, bomba ndilo lifanyalo kazi ya mlinzi wa mlango.

Na kazi yenyewe, kwa kadiri nilivyomfahamu, ni hii. Moshi utokapo silindani kwa kishindo hutanguliwa na wimbi la mgandamizo liendalo kwa kasi ya sauti. Wimbi lile likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hugeuka kuwa mvuto unaorudi nyuma, ukaufyonza moshi uliosalia na kuivuta hewa mpya yenye petroli, hata nyingine ikapotelea bombani bila kuungua. Hapo ndipo wimbi lililobaki, likiisha kugonga ile sehemu inayofinyaa, linaporejea kwa nguvu na kuisukumiza silindani ile hewa iliyotoroka, kabla pistoni haijauziba mlango. Likiwahi kidogo au likichelewa kidogo, faida yote imepotea. Ndiyo maana injini hizi hulala usingizi katika mizunguko ya chini, kisha zikaamka ghafula kana kwamba zimetiwa pepo.

Aliyeitia hesabu hii katika mashindano, akijenga juu ya majaribio ya Wajerumani wenziwe, ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya CC 125, yenye silinda moja tu, ilikuwa ikitoa nguvu ya farasi 25 katika mizunguko 10,800 kwa dakika, maana yake wimbi lile lilikwenda na kurudi mara 180 katika kila sekunde. Mwaka huohuo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kuichukua elimu ile hadi Suzuki, na mwaka uliofuata Suzuki wakatwaa ubingwa wa dunia wa CC 50 naye akiwa juu ya kiti. Kaaden alibaki kwao na mabomba yake, wala sijui kama historia ya michezo ina dhuluma nyingine iliyotengenezwa kwa bati.

Hajji hulinyoosha bomba hivi. Huuziba mdomo, kisha mkiani hutia kizibo chenye valvu ya baiskeli, akapuliza upepo kwa pampu ya mguu, kidogo sana, kwani ukizidi chuma kilicholegea kwa moto hupasuka. Ndipo hupitisha ndimi za gesi kuzunguka pale palipobonyea, toka ukingoni kwenda katikati, mpaka chuma kiwe chekundu, na lile bonyeo huinuka lenyewe, polepole, pasipo kuguswa. Nyundo huja mwisho, kwa kulainisha. Akimaliza huzungusha uzi tumboni, akaulinganisha na uzi mwingine uliofungwa mafundo, alioupima katika bomba zima la aina ileile.

Nikamwuliza mbona wakubwa wa Garuga aghalabu hupanda mipigo minne, na mipigo miwili imeachiwa watoto. Hapo sauti yake ilibadilika. Kwa rai yake injini ile haikushindwa, bali ilipunjwa kwenye mizani: katika motokrosi CC 450 za mipigo minne ziliruhusiwa kupambana na CC 250 za mipigo miwili, na katika mbio kuu za lami, MotoGP, mwaka 2002 CC 990 zikawekwa dhidi ya CC 500, na katika mashindano yote 16 ya mwaka ule mipigo miwili haikushinda hata moja. Nilimkumbusha kwamba mipigo minne huwasha mara moja kila mizunguko miwili, hivyo nyongeza fulani ni haki, na kwamba petroli inayotoroka bila kuungua huchafua hewa. Alikubali la petroli. La mizani hakulikubali.

Habari za mbio hizo, za zamani na za sasa, hazimpiti. Anajua kwamba Honda mwaka 1992 waliisogeza karibu mishindo ya silinda nne ili gurudumu la nyuma lipate kupumua, na kwamba Yamaha, walioshikilia silinda nne za mstari mmoja kwa miaka zaidi ya 20, wamehamia V4, silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, mwaka 2026, na sasa viwanda vyote vitano vya MotoGP vina mpango mmoja. Hayo kwake ni mambo ya matajiri. Mwenye silinda moja hana cha kupanga, ana bomba tu.

Lakini karakana yake haina mashine ya kupimia nguvu, na ikiwa uzi ule unairudishia injini farasi wake wote au nusu yao, hakuna wa kuthibitisha ila mtoto mwenyewe, ambaye husema pikipiki imerudi au haijarudi. Mwanagenzi wake, kijana hodari wa valvu za Boxer, hataki kujifunza kazi hii: amepiga hesabu akaona kwamba katika muda wa bomba moja yeye hurudisha barabarani bodaboda tatu, na kila moja hulipa siku ileile. Hajji hakuipinga hesabu hiyo. Alisema tu kwamba Jumapili kuna mashindano, na bomba jingine, la CC 85, lingali linangoja.